Mlio wa Kwenda Karema

Gari la Goreth lilikuwa na tabia moja iliyomkosesha raha: likienda Karema linagonga, likirudi limenyamaza. Asubuhi anatoka nyumbani Misunkumilo, Mpanda, na kreti tupu nyuma, akishaacha lami tu na kuingia kwenye vumbi, linaanza. Kong'. Kila shimo kong', kila tuta kong', kila mahali maji ya mvua yalipochimba mfereji barabarani, kong' huko nyuma chini ya sakafu, mara kushoto, mara kulia, mara pande zote mbili. Akifika ziwani anapakia samaki, migebuka na dagaa, anageuza, anarudi na njia ileile yenye mashimo yaleyale, na gari limetulia utadhani limetoka kuungama.

Sasa niambie wewe, gari gani hilo. Wenzake wa sokoni Mpanda walikuwa na majibu tele, maana sokoni hakuna swali linalolala njaa. Mmoja alisema ni barabara, ina upande mzuri na upande mbaya. Mwingine alisema Noah zote ndivyo zilivyo, zikishazeeka zinaanza kunung'unika. Nyanzala, muuza mchele wa meza ya jirani, mwanamke wa Kisukuma mwenye mwili wake na maneno yake, alisema gari lenyewe halipendi Karema, na kama lingepewa mdomo lingeomba lipelekwe Mwanza.

Goreth alicheka pamoja nao, lakini rohoni hakuwa na kicheko. Yeye alikuwa na sababu ya kuutaka mlio ule uishe, na sababu yenyewe ilikuwa inaishi nyumbani kwake, inakaa kwenye kigoda mlangoni kila jioni ikimsubiri. Sababu hiyo ni baba yake.

Mzee Apolinari alikuwa fundi seremala. Useremala aliusomea Karema, misheni, enzi za mabruda wakali, na alipohamia Mpanda alitengeneza milango, vitanda, mabenchi ya kanisani na majeneza kwa miaka mingi mpaka watu wakaacha kuuliza nani fundi. Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Mwanzo kidogo, kikombe tu kikimwagika chai. Baadaye msumeno ukawa haushikiki. Daktari alisema ni ugonjwa, una dawa ya kuupunguza, hauna ya kuuondoa. Mzee akafungia randa na patasi zake kwenye sanduku. Benchi lake la kazi kule uani likawa mahali pa kulala kuku. Naye mwenyewe akanyamaza. Alikuwa akila, akisali, akilala, basi. Ukimwamkia anaitikia, lakini hakuanzisha neno. Goreth aliogopa kimya kile kuliko ugonjwa.

Masika yaliyopita gari lilikuwa likirudi na shehena ya samaki, nyuma imeshuka, tumbo linakwaruza mawe ya njiani. Goreth alilalamika jioni moja wakati wa kula, wala hakuwa anaomba kitu. Asubuhi yake mzee akaenda uani, akafukuza kuku, akafungua sanduku. Alikuwa na kipande cha mninga mkavu alichokitunza tangu mkewe yu hai. Akajifungia nacho. Goreth alisikia patasi ikiteleza, ikianguka, ikiokotwa; alisikia na kimya kirefu ambacho kilimfanya asimame mlangoni asithubutu kubisha. Mwishowe mzee alitoka na pete mbili nene za mti, laini kama sahani, zenye kitobo katikati, za kuweka chini ya springi za nyuma ili gari liinuke. Alikuwa amepima gari likiwa limesheheni, uani, kwa kamba. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa matambara, vyote karibu.

Fundi Haidari alizifunga siku hiyohiyo. Gari likasimama juu, matako yamenyanyuka, na likirudi na mzigo halikwaruzi tena jiwe lolote. Na mzee akafufuka, jamani, sina neno jingine. Akaanza kuongea mezani. Akaanza kwenda mpaka barabarani kutazama magari ya watu na kuyacheka yaliyolala chini. Na kila jioni Goreth akirudi, kabla hata hajashuka, mzee anauliza kutoka kwenye kigoda chake:

"Gari linasemaje?"

"Halisemi kitu, Baba. Liko salama."

"Ehee," mzee anasema, anatazama mikono yake, anaificha mifukoni akiwa ameridhika.

Mlio ulianza wiki ileile. Msiniulize kwa nini Goreth hakuunganisha hayo mawili. Mtu mzima anaweza kukaa na jambo sebuleni, akalipita huku na huku, akalizungushia viti, na asilitazame usoni hata mara moja. Na mzee hakuwahi kuusikia, kwa sababu yeye gari alipanda Jumapili tu, na Jumapili gari lilijaa jumuiya nzima, akina mama wa Misunkumilo na watoto wao wamebanana mpaka nyuma kabisa, gari kimya, watu wanaimba.

Kisha mwezi wa kumi mzee akaomba jambo. "Siku ya Marehemu Wote," alisema, "nataka unipeleke Karema. Nikasali kwenye kaburi la mama yako."

Goreth aliweka kijiko chini. Tangu mikono ianze kutetemeka baba yake alikataa katakata kwenda Karema, asionekane vile mbele ya watu aliosoma nao ufundi. Kaburi la mama yake, Lucia, lilikuwa linafagiliwa na shangazi aliyeishi hukohuko.

"Nitakupeleka, Baba."

"Na wakiniuliza siku hizi nafanya nini, nitawaonyesha gari."

Ndipo mlio ule ulipogeuka kutoka kero kuwa hofu. Siku ya Marehemu Wote barabara ile ingekuwa ni wao wawili tu ndani ya gari tupu, na baba yake angekuwa na masikio yake yote.

*

Gereji ya Haidari si ya chini ya mwembe, ni banda la mabati na shimo lililozibwa mbao, na mlango wa mninga uliotengenezwa na mzee Apolinari mwenyewe. Haidari ni mtu wa swala tano, mpole, ambaye akiwaza hufuta mikono kwa kitambaa hata kama ni misafi. Kwa miezi kadhaa alikuwa ameutafuta mlio ule kwa uaminifu. Alibadilisha bushi zote za nyuma. Alibadilisha shokapu, kwanza zilizotumika, halafu mpya za kwenye boksi. Alikaza bomba la moshi, akafunga tairi la akiba kwa mpira, akatoa jeki na spana zote ndani ya gari akazishikilia mwenyewe mapajani huku Goreth akiendesha. Likagonga.

Na kila mara, kabla hajaingia chini ya gari, Goreth alimwambia maneno yaleyale. "Popote, Haidari, ila vipande vya mzee usiviguse."

"Aguse nani kazi ya mzee, Mama Jeni," Haidari alijibu kila mara, bila kumtazama.

Safari hii, zikiwa zimebaki siku chache, Goreth alikuja na Nyanzala. Nyanzala alikuwa na wazo. Kwao, alisema, ng'ombe akichechemea humsikilizi ukiwa mbele yake, unatembea naye ubavuni. "Mimi nalala huko nyuma, sikio sakafuni. Nyie endesheni. Likigonga nawaonyesha kwa kidole."

Haidari akafuta mikono.

Nyanzala alivua viatu, akajifunga kanga vizuri, akapanda nyuma ya Noah na kujilaza kifudifudi. Gari likashuka kidogo, likampokea. Goreth akaendesha, Haidari pembeni yake, wakashika njia ya Magamba ambako kuna mashimo yasiyo na aibu. Shimo la kwanza, kimya. La pili, kimya. Goreth akalitafuta shimo baya kuliko yote, lile ambalo bodaboda hulikwepa kwa kupanda shambani kwa mtu, akaliingia moja kwa moja. Kimya.

"Limenyamaza," Nyanzala alisema kutoka sakafuni. "Gari yako inaniheshimu mimi. Wewe umeizoesha vibaya."

Walirudi hadi kwenye gereji wakicheka wawili, wa tatu akiwa kimya. Nyanzala akashuka. Gari likapanda. Goreth akaligeuza peke yake ili aliegeshe, akapita juu ya ule ubao wa shimo pale mlangoni.

Kong'.

Kicheko kilikatika. Nyanzala alilitazama gari, akajitazama na yeye, kiunoni, mapajani, kisha akatazama lile pengo kati ya tairi la nyuma na bodi, pengo pana, jeusi, ambamo pete ya mninga ilikuwa inaonekana vizuri kabisa kwa mtu yeyote mwenye macho. Na Nyanzala kukosa neno si jambo dogo.

Goreth alizima gari akabaki ameshika usukani. "Sema, Haidari."

"Nisemeje, dada yangu."

"Sema unachokijua."

Haidari alikikunja kitambaa chake mara mbili. "Gari likiwa tupu limekaa juu mno. Shokapu imevutwa mpaka mwisho wake, haina pa kwenda. Gari likipita shimo, nyuma ikarushwa, shokapu inajigonga kichwa humohumo ndani. Ukiweka mzigo inashuka, inapata nafasi, inanyamaza. Ungebadilisha hata shokapu mia, zote urefu wake ndio huo."

"Umejua lini?"

"Siku ya kwanza."

Goreth aligeuka kumtazama. Alitaka kukasirika, na hasira ilikuja kweli, ikakuta hakuna wa kumwangukia. "Miezi yote hii unanifungua gari na kulifunga."

"Ningesemaje? Yule mzee mlango huu alinitengenezea, nikiwa sina kitu. Niseme kazi yake ya mwisho ina kasoro? Na wewe ulikuwa unanikataza nisiiguse. Nikajua na wewe unajua."

Basi hapo ukweli ukawa umekaa kati yao, na hakuna aliyeuomba. Goreth alikuwa anajua. Alikuwa anajua tangu zamani, kwa ule ujuzi wa mtu anayefumba macho. Wakiziondoa zile pete, jioni baba yake angelitazama gari mara moja tu kutoka kwenye kigoda chake na kuona limelala. Angeuliza. Angejibiwa. Halafu angerudi kule alikokuwa, kwenye kimya, na safari hii asingetoka tena.

"Ziacheni," alisema.

"Na Karema?" Nyanzala aliuliza.

Yeye mwenyewe ndiye aliyepata jibu, maana kila mtu hutatua jambo kwa kile anachouza. "Njoo uchukue magunia yangu ya mchele. Pakia nyuma, nenda nayo, rudi nayo. Ng'ombe haelemewi na nunduye, sembuse gari. Baba hatasikia hata panya."

*

Walitoka kumeshapambazuka. Mzee alikuwa amevaa koti lake la Pasaka. Goreth alimwambia akae nyuma, anyooshe goti lake, akakataa. "Nyuma nakaa kila Jumapili. Leo nataka kuona njia."

Alipoyaona magunia alidadisi. "Mchele wa nani huo?"

"Wa huko huko Karema, Baba." Uongo wa haraka hauna muda wa kuvaa vizuri.

Njia nzima gari halikutoa neno. Mzee aliongea kwa wote wawili. Alionyesha miti kwa majina, ule mninga, ule mkora, ule hauna faida ila kwa mkaa. Walipoanza kuuteremka mlima na ziwa likatokea chini, pana, jeupe kwa jua, mzee aliipigapiga dashibodi kwa kiganja kinachotetemeka.

"Gari zuri," alisema. "Mashimo yote yale, na halijaguna hata kidogo."

Goreth alisema ndiyo.

Makaburini walisali. Mzee alikaa chini kabisa, akang'oa majani kwa mkono, polepole, akikosa na kurudia, na Goreth hakumsaidia kwa sababu alijua asingetaka. Wazee wenzake walikuja kumwamkia. Walimwuliza anafanya nini siku hizi. Akawapeleka kwenye gari, akainama, akawaonyesha pete zake, nao wakainama mmoja mmoja, wakatikisa vichwa kwa heshima. Goreth alisimama pembeni ameishika rozari asiisali.

Halafu wakaenda kwa shangazi kula. Na hapo, katikati ya ugali, mzee akasema kwa sauti ya mtu mwenye ukarimu, "Dada, mwanangu amekuletea mchele. Magunia. Yapo garini."

Shangazi alipiga vigelegele. Majirani wakaitwa, magunia yakashushwa, yakaingia ndani yakipita mbele ya Goreth ambaye alikuwa amebaki na tonge mkononi. Angesema nini? Kwamba si ya shangazi? Siku ya Marehemu Wote, mbele ya watu? Alitabasamu akapokea shukrani, akijua Nyanzala atamsema mpaka Pasaka.

Alikimbilia mwaloni kutafuta samaki wa kupakia. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mchangani. Ni mbalamwezi, walimwambia, kwani umesahau? Dagaa hawafuati taa mwezi ukiwaka. Alitafuta abiria wa bure wa kwenda Mpanda. Kila aliyemwuliza alikuwa amekuja kwenye kaburi la mtu wake na hatoki leo. Alifikiria hata mchanga. Alisimama pale ufukweni, mwanamke mzima, akiukadiria mchanga wa watu kwa macho, akajiona kichekesho. Akarudi garini.

Waliagana. Walianza kuupanda mlima. Goreth aliwasha redio, akaongeza sauti, akaanza na yeye kuongea juu yake, habari za mwanawe Jeniffer na shule yake, habari za bei ya chumvi.

Kong'.

Aliongea zaidi.

Kong'. Kong'.

"Zima redio," mzee alisema.

Alizima. Walikwenda hivyo kitambo, wawili na mlio. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa pembeni, kama alivyokuwa akifanya zamani akigonga ubao kwa kidole kusikiliza kama ndani una ufa. Goreth alipunguza mwendo, akayakwepa mashimo aliyoweza. Yalikuwa mengi kuliko usukani.

"Simama."

Alisimama. Mzee akafungua mlango, akashuka na goti lake, akaenda nyuma. Goreth alimwona kwenye kioo akiegemea bampa kwa mikono miwili na uzito wake wote, kisha akaliachia ghafla. Gari likapanda. Kong'. Akafanya tena. Kisha akakaa juu ya bampa, gari likashuka kidogo, akajirusharusha kama mtoto. Kimya. Akasimama. Akapiga magoti vumbini na koti la Pasaka, akaingiza kichwa chini ya gari.

Goreth alishuka. Alisimama karibu yake kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

"Nilipima likiwa na mzigo," mzee alisema kutoka chini ya gari. Sauti yake haikuwa ya huzuni, ilikuwa ya mtu anayehesabu. "Gari tupu sikuliwaza. Nimeinua mno. Kosa la mwanafunzi." Alitoka, akakung'uta magoti, mikono ikitetemeka vibaya sasa. "Linagonga tangu lini?"

"Tangu masika."

"Haidari anajua?"

"Anajua."

"Na nani mwingine?"

"Nyanzala. Ule mchele ulikuwa wake, Baba. Niliuweka ili usisikie."

Mzee alikaa kwenye bampa. Alitazama kule walikotoka, ambako ziwa lilikuwa bado linaonekana kidogo kati ya miti.

"Basi nimekufa," alisema.

"Baba."

"Ndiyo. Marehemu ndiye hasemwi. Mtu akiwa hai akiharibu unamwambia, Apolinari hapa umeharibu, rekebisha. Akishakufa ndipo watu wanasema alikuwa fundi mzuri, wanatikisa vichwa. Leo nimewaona pale makaburini wakitikisa vichwa, nikafurahi." Alivuta pumzi. "Nimekuja kuwaombea marehemu, kumbe na mimi mmeshaniweka humo."

Hapo Goreth alilia. Hakujificha, hakusingizia vumbi. Alilia pale barabarani akiwa amesimama, na maneno yakatoka vipandevipande. "Niliogopa, tata. Ungenyamaza tena. Ile miaka uliyonyamaza nilikuwa narudi nyumbani naogopa kufungua mlango." Alikuwa hajamwita tata tangu utotoni, lile jina la Kifipa la nyumbani.

Mzee alimsogezea nafasi kwenye bampa. Walikaa wawili, na gari likashuka chini yao.

"Nilinyamaza kwa sababu hakuna aliyekuwa ananiambia kitu," alisema baadaye. "Nikimwaga chai mnasema haidhuru. Nikikosea jina mnaitikia. Kila kitu haidhuru. Mtu atajibu nini kwenye haidhuru?"

Goreth alijifuta kwa upindo wa kitenge. Kisha wakaingia garini, na mlio ukawasindikiza mpaka Mpanda, kong' kwa kila shimo, na hakuna aliyewasha redio.

*

Hawakupitia nyumbani. Mzee alimwelekeza moja kwa moja hadi kwa Haidari, ambaye alikuwa anafunga gereji. Haidari alipoiona sura ya mzee kwenye dirisha la mbele alikishika kitambaa chake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Wewe ni muongo, Haidari."

"Ndiyo, mzee."

"Vitoe."

Asubuhi gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki kule gereji, na pete mbili za mninga zilikuwa juu ya benchi la uani Misunkumilo, kuku wamefukuzwa, mavi yao yamefagiliwa. Pete zilikuwa nyeusi kwa vumbi na grisi, lakini mzee alipozifuta, wekundu wa mninga ulikuwa palepale. Alizigeuza. Alizipima kwa vidole. Kutoa kabisa, hapana, alisema, gari likibeba samaki litakwaruza tena. Ni kupunguza, zibaki nene kiasi cha kuvumilia mzigo, nyembamba kiasi cha kuiachia shokapu nafasi. Msumeno yeye hataweza. Msumeno atashika Goreth. Yeye atachora.

"Mimi sijawahi kukata mti, Baba."

"Utakata vibaya. Nitakwambia."

Alichukua penseli yake bapa ya kiseremala, akailamba ncha. Akaishika pete ya kwanza kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akaanza kuchora mstari kuizunguka. Mkono ulitetemeka. Aliubana kiwiko kwenye mbavu, akazuia pumzi, akaendelea. Goreth alisimama upande wa pili wa benchi na msumeno, akitazama ile penseli ikitembea. Ilianza vizuri. Ilipofika nusu ya mzunguko iliruka, ikapanda juu, ikarudi, ikaenda upogo mpaka mwisho.

Mzee akaiweka penseli chini. Akaiweka pete mbele ya binti yake na kusubiri, macho yake usoni kwake.

Goreth aliutazama mstari. Lile neno la siku zote lilikuwa tayari mdomoni mwake, limezoea njia. Alilimeza. Ilimwuma kulimeza.

"Baba," alisema, "mstari umepinda."

Mzee aliinama. "Wapi?"

"Hapa. Na hapa mwishoni haukutani na mwanzo."

Mzee aliivuta pete karibu na macho, akaizungusha mara moja, taratibu, akafuata kwa ukucha pale alipoonyeshwa.

"Kweli," alisema. Akaufuta mstari kwa dole gumba lililolowa mate, akachukua penseli tena. "Shika hapa basi, isicheze."